Bajia ya Kuonja Chumvi

Uvumi ulianzia mtaa wa Tena, ukafika mtaa wa Mbotela kabla ya chai ya saa nne. Eti kuna mtoto wa shule aliyenunua vitu vya kukaanga karibu na geti, akavimba midomo, akavimba macho, akaanguka na begi lake mgongoni, na kabla hajafikishwa hospitali roho ikawa imetoka. Eti mkaangaji anatumia mafuta ya transfoma ya stima, ndiyo maana karai lake halikauki. Kila aliyesimulia aliongeza chumvi yake. Mmoja alisema ni msichana, mwingine mvulana, mwingine akaapa kwamba walikuwa wawili, ndugu wa tumbo moja. Jina la mama yao halikujulikana, na hakuna aliyemjua mtu aliyekwenda matangani.

Watu walishika hayo ya mafuta ya transfoma. Nduta alishika hayo ya midomo kuvimba.

Nduta alikuwa fundi cherehani. Alishona yunifomu za shule kwenye kibanda cha mabati pale Mbotela, upande wa barabara ya Jogoo. Siku aliyoletewa habari hizo alikuwa akipiga pindo la sketi. Alilipiga upande usio wake, akalifumua, akalipiga tena upande ule ule. Maneno yalikwisha kuingia, na kila alipojaribu kuyatoa yalizidi kuzama. Midomo ikavimba. Macho yakavimba. Yeye alijua hiyo ni nini, na haikuwa mafuta.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kui, wa gredi ya kwanza, mwenye pengo mbele na maswali yasiyoisha. Kui alipokuwa na miaka mitatu, wakiwa bado wanakaa Mathare, jirani alimpa njugu karanga kiganjani. Hata hakuzimaliza. Midomo ilifura kama imeumwa na nyuki, kifua kikaanza kulia filimbi. Wakawahi. Mara ya pili ilikuwa githeri ya harusi, ya mahindi na kunde, na siku hiyo waliwahi kwa bahati tu. Daktari alimkalisha Nduta chini akamweleza polepole: mwili wa mtoto huyu unaona karanga na kunde kama adui, unapigana nazo mpaka unajiumiza wenyewe. Maharagwe anakula, hayana neno kwake. Hizo mbili asiguse, hata zikisagwa, hata ikiwa ni kidogo cha kulamba. Kisha daktari akasema jambo la mwisho: "Na kila mtu anayemlisha huyu mtoto lazima ajue."

Hilo la mwisho Nduta alilibwaga pale pale mlangoni pa hospitali.

Alikuwa na sababu. Kule Mathare, majirani walipomwona mtoto amefura uso, mmoja alisema ni ugonjwa wa kuambukiza, mwingine akasema hiyo ni kazi ya mtu. Kui akitoka nje kucheza, watoto wenzake waliitwa ndani. Mama mkwe naye alikuja na mfuko wa viazi, akamtazama mjukuu wake, akasema kwa sauti ya upole iliyochoma kuliko tusi, "Kwetu hatuna kitu kama hicho. Labda ni kwenu." Walipohamia Mbotela, Nduta alimwambia mumewe Kabiru, "Huku hatumwambii mtu." Kabiru, ambaye alikuwa akichomelea vyuma Athi River na kurudi wikendi, aliitikia kwa kichwa.

Kwa hivyo Nduta alijitungia njia yake. Badala ya kuwaambia watu kitu ambacho Kui hali, aliwaambia anachokula. Chapati, sawa. Wali, sawa. Matoke, viazi, bajia, mkate wa siagi, sawa. Aliwagawia watu majina ya vyakula, na hakuwahi kuwaza kwamba jina moja laweza kuingia jikoni mbili likatoka na sufuria mbili tofauti.

Uvumi ule wa Tena ndio uliompeleka kwa Mwanasiti. Huyu alikuwa mama wa Mombasa aliyeolewa Nairobi, nyumba yake imetazamana na bomba la maji, na binti yake Nasima alisoma shule moja na Kui. Sufuria zake zilikuwa zinang'aa hata mgongoni. Ukipita mlangoni pake ulisikia iliki.

"Hodi, Mama Nasima."

"Karibu, Mama Kui. Mbona umekunja uso hivyo, kuna mtu kakudhulumu kitambaa?"

"Ni haya maneno ya Tena. Sitaki Kui apite kwa wale wakaangaji akitoka shule. Anakujanga mpaka kibandani peke yake, na njia yote ni makarai."

Mwanasiti akacheka. "Mafuta ya transfoma! Wallahi watu wa Nairobi. Juzi ilikuwa sambusa za nyama ya paka, leo transfoma. Kesho watasema chai yachemshwa kwa maji ya betri."

"Hata kama ni uongo, moyo wangu haukai."

"Basi mtoto na aje na Nasima. Atakaa hapa hadi ufunge kibanda." Kisha Mwanasiti akamtazama vizuri. "Lakini nambie, kuna kitu hali? Maana mwanao mwembamba kama hiyo sindano yako."

Mlango ulikuwa wazi. Alichotakiwa kufanya ni kuingia tu. Nduta alifungua mdomo, akaiona Mathare, akawaona watoto wakivutwa mikono kuingizwa ndani, akaufunga. Alipoufungua tena maneno yaliyotoka ni yale yale ya kila siku.

"Hana shida. Mpe vitu vya kawaida. Chapati, wali, viazi. Bajia anapenda sana, hata mimi humpikia. Bora zisiwe za barabarani."

"Bajia!" Mwanasiti akapiga makofi. "Hapo umefika. Mwezi wa kufunga uko mlangoni, bajia zangu utazinusa mpaka kwenye cherehani yako."

Nduta akaenda zake akihisi ametua mzigo. Mtoto yuko nyumba safi, kwa mwanamke mcha Mungu, mbali na makarai ya Tena na ya kwingine kote. Usiku huo alilala vizuri.

Mwezi wa Ramadhani ukaingia. Siku za mwanzo Kui alikunywa chai na mkate kwa akina Nasima, akafanya kazi ya shule mkekani, akarudi nyumbani na hadithi. Nasima amefunga. Nasima hanywi hata maji. Nasima amesema mbu akiingia mdomoni si makosa yako. Kisha asubuhi moja, akifungwa kamba za viatu, Kui akauliza, "Mum, Nasima amesema leo wanapika bajia. Nitakula?"

"Bajia kula. Si nilikwambia bajia ni sawa?"

"Na nisipoona iko na nini ndani?"

"Kui, tutachelewa."

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya paa za Mbotela, Nduta alikuwa mashineni akimaliza sketi ya binti wa Batulo. Batulo, aliyeuza maziwa mtaani, alikuwa amekaa kwenye kigoda akiingoja, mkono shavuni kwa uchovu wa kufunga. Kibanda cha jirani kilikuwa cha Mativo, muuza nafaka, Mkamba mwenye mdomo usiopumzika. Mativo alikuwa akikung'uta gunia tupu.

"Fundi, unashona ama unaiua hiyo mashine?"

"Wewe uza mahindi yako."

"Mahindi iko. Kunde ndiyo imeisha. Hawa watu wa kufunga wameikomba yote. Mama Nasima peke yake amebeba ya kulisha harusi."

"Kunde ya nini yote hiyo? Anapika githeri?"

"Githeri wapi! Ya bajia."

Nduta alicheka. Hata hakuinua macho. "Mativo, bajia ni viazi."

"Ya kwenu ndiyo viazi. Huku tunakata waru, tunapaka unga wa ngano na ile rangi ya manjano, tunasema bajia. Muulize Batulo hapa. Kwa watu wa Pwani bajia ni kunde. Wanailoweka usiku, wanaitoa maganda, wanaisaga na kitunguu saumu na pilipili, halafu wanatengeneza tuvidonge hivi, ndani ya mafuta. Ukila moja hiyo ya viazi utaitupia kuku."

Mguu wa Nduta ulisimama juu ya pedali. Sindano ikabaki imezama katikati ya kitambaa.

Alichukua simu. Ya Mwanasiti iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Ikaita, ikakatika. Kisha akakumbuka jambo, pumzi ikamrudia. Wamefunga. Hawawezi kula mpaka adhana ya magharibi, na magharibi bado. Alikuwa na nafasi. Angefunga kibanda, angetembea kama mtu, angemchukua mtoto wake na kusema ana haraka, na hakuna ambaye angejua lolote.

"Batulo," aliuliza, "kule kwa Mama Nasima hawawezi kuanza kula saa hii, si ndio?"

"Nani ale? Si tumefunga."

"Hata watoto?"

"Wadogo hawafungi, hao wanakula. Tena ndio wanaotufaa. Wewe ukiwa umefunga huweki kitu mdomoni. Sasa chumvi utaijuaje? Unaita mtoto, unampa ya kwanza ikitoka kwenye mafuta, unamwangalia uso. Akikunja unaongeza chumvi, akitabasamu unaendelea." Batulo akapiga mwayo. "Ila kwa Mwanasiti mwaka huu sijui nani anaonja. Nasima ameanza kufunga, utadhani amevishwa taji. Pale aliyebaki ni huyo wako tu."

Nduta alishatoka.

Alikimbia na utepe wa kupimia ukiwa shingoni, kiatu kimoja kikichomoka kisiginoni. Alipita kati ya zile nyumba za zamani za kansi ya jiji, akainama chini ya kamba za nguo, shuka lenye maji likampiga usoni. Wanaume waliokuwa wakicheza drafti kwa vizibo vya soda waliinua vichwa. "Fundi! Umefukuzwa na askari wa kanjo?" Wakacheka. Harufu ya vitunguu saumu na mafuta ya moto ilimfikia kabla hajaona mlango, na siku zote harufu hiyo ilikuwa nzuri.

Kui alikuwa amekaa mkekani kizingitini. Mdomo wa chini ulikuwa umeanza kutokeza. Alikuwa akijikuna shingo kwa mikono miwili. Mwanasiti alikuwa amepiga goti mbele yake, akimpepea kwa kifuniko cha sufuria, kikombe cha maziwa pembeni. Nasima alisimama ukutani ameziba mdomo.

"Ni pilipili, Mama Kui," Mwanasiti alisema. "Nimempa ya kuonja tu, nikaona midomo imemwasha. Maziwa yatatuliza saa hii hii."

"Amekula ngapi?"

"Moja. Mbili. Ni za kuonja chumvi!"

"Ya kwanza haikuwa na chumvi," Kui alisema, na sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Nikamwambia Mama Nasima. Ya pili ikawa tamu." Akameza mate kwa shida. "Mum, koo inawasha. Na ulisema bajia ni sawa."

Akakohoa, na nyuma ya kikohozi Nduta akaisikia ile filimbi.

Dawa ya maji aliyopewa na daktari ilikuwa nyumbani kwake, imefichwa nyuma ya kopo la majani chai ili mgeni asije akauliza ni ya nini. Funguo za nyumba zilikuwa kibandani, kwenye droo ya mashine. Nduta aliyaona yote mawili kwa mkupuo, akaona pia kwamba hayafai kitu tena.

"Kuna mtu na pikipiki?"

"Twalib!" Mwanasiti alipiga ukelele uliofungua madirisha. "Twalib, washa!"

Twalib, shemeji yake, mwendesha boda, alikuwa akifuta kioo cha pikipiki yake nje akisubiri kufuturu. Hakuuliza kitu. Nduta alipanda na mtoto kifuani, Mwanasiti akavua leso yake akawafunga nayo pamoja, na wakaondoka maji ya kuoshea pikipiki yakiwa bado yanachuruzika.

Kliniki haikuwa mbali, lakini Kui alizidi kuwa mzito njiani. Alikuwa ameacha kujikuna. Hilo lilimtisha Nduta kuliko kujikuna kwenyewe. Alimwita jina lake sikioni, akamwita tena, na kila mara mtoto aliitikia "mm" ndogo kuliko ya kwanza.

Benchi la kliniki lilikuwa limejaa watu wa Mbotela. Mama wa duka la kona na mguu wake uliofungwa bendeji. Kina mama wawili wa pale bombani na watoto wenye kikohozi. Wote waligeuka. Daktari wa zamu, kijana mmoja aliyeitwa Phares, alimpokea Kui mikononi akamlaza kitandani nyuma ya pazia lisilofika mwisho.

"Amekula nini?"

"Bajia."

"Bajia za wapi? Barabarani?"

"Za nyumbani. Za jirani."

Kule benchini mtu akanong'ona, "Si nilisema? Mafuta ya transfoma." Mwingine akasema, "Ni wa fundi huyo."

Phares alikuwa akisikiliza kifua, uso umekunjana. "Viazi havimfanyi mtoto hivi, mama. Alipata kitu kingine? Mafuta ya taa? Dawa ya panya? Kuna kitu amekunywa? Niambie haraka, kila kitu kina dawa yake. Nikikosea nampoteza."

Nduta alitazama pazia. Aliona miguu ya watu wa benchi chini yake, na ilikuwa imetulia kabisa, ya watu wanaosikiliza. Akayasema maneno kimoyomoyo, akayaona yakitoka pale yakizunguka mtaa mzima kabla ya isha: mtoto wa fundi ana kitu. Watoto watavutwa mikono. Nasima ataitwa ndani.

Kui alivuta pumzi, ikaingia kama uzi kwenye tundu lililoziba. Kucha zake zilikuwa zimebadilika rangi.

"Si viazi!" Nduta alisema, na alisema kwa sauti iliyofika barabarani. "Ni bajia za kunde. Kunde iliyosagwa. Mwili wake haukubali kunde wala njugu karanga, tangu akiwa mdogo. Ni mara ya tatu hii. Alivimba hivi hivi, akashindwa kupumua hivi hivi, wakamdunga sindano."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Phares hakuwa akimtazama tena. Alikuwa ameshageukia kabati. Sindano iliingia pajani, Kui akashtuka kidogo, akawekewa kinyago cha hewa usoni. Kisha hakukuwa na la kufanya ila kutazama kifua cha mtoto. Nduta alishika utepe wake wa kupimia, akaukunja, akaukunjua. Filimbi iliendelea. Ikaendelea. Phares akatayarisha sindano nyingine akaiweka karibu.

Kisha filimbi ikashuka kidogo, kama sufuria inayoondolewa motoni. Kui akafungua jicho moja, lile lililoweza kufunguka, akasema ndani ya kinyago, "Mum, hii inanuka plastiki."

Nduta akakaa sakafuni.

Adhana ya magharibi ilikuwa ikilia msikiti wa karibu Mwanasiti alipoingia, kichwa kimefungwa kanga ya kuazima, chupa ya maji mkononi. Alimtazama Kui kwanza, muda mrefu. Akamtazama Nduta.

"Nimesikia huko nje. Wasema ni kunde."

"Ni kunde."

"Kwani bajia wewe wadhani hupikwa na nini?"

"Viazi."

Mwanasiti akamsogelea. "Nilikuuliza. Pale pale mlangoni nilikuuliza, kuna kitu hali? Ukanambia hana shida. Ungenambia kunde, ungekatwa ulimi?"

"Mathare walimtenga, Mama Nasima. Walisema anaambukiza."

"Mie si Mathare! Mie ndiye niliyempa kwa mkono wangu. Nikampulizia ipoe. Nikamwambia, onja mwanangu. Lau angekufa, ungezika mtoto wewe, na mie ningekwenda kaburini na mzigo gani?"

Machozi yalikuwa yakimtoka Nduta bila sauti. Mwanasiti alifungua chupa, akasema dua yake kwa kunong'ona, akanywa maji mafundo machache, hiyo ndiyo ikawa futari yake. Kisha akampa Nduta chupa.

"Kunywa. Umekauka kama uliyefunga."

Walimlaza Kui kliniki hadi asubuhi, kwa sababu Phares alisema hali hiyo inaweza kurudi hata baada ya kutulia. Haikurudi. Lakini walipofika Mbotela na jua la asubuhi, uvumi ulikuwa umeshafika kabla yao, na ulikuwa umekua. Pale bombani, mitungi ikiwa kwenye foleni, wanawake walikuwa wakisema mtoto wa fundi amekufa. Amekufa kwa bajia za Mwanasiti. Zimekaangwa kwa mafuta ya transfoma, na yule wa Tena pia alikuwa ameuziwa na watu hawa hawa. Mlango wa Mwanasiti ulikuwa umefungwa. Mtu alikuwa amemwaga majivu kizingitini, kumfedhehesha.

Nduta angeweza kupita. Alikuwa amechoka, na mtoto alikuwa hai mkononi mwake. Alisimama.

"Huyu hapa aliyekufa," alisema. "Kui, wasalimie."

"Hamjambo," Kui alisema, mdomo ukiwa bado mnene upande mmoja.

Maji yakaendelea kumwagika kwenye mtungi uliojaa, hakuna aliyefunga bomba.

"Mafuta ya Mama Nasima hayana kitu. Mtoto wangu hawezi kula kunde wala njugu karanga, zinamfunga pumzi. Mimi nilijua nikanyamaza. Mama Nasima hakujua kitu. Mwenye kutaka kumsema mtu, aniseme mimi hapa hapa."

"Sasa hiyo ni ugonjwa?" mmoja aliuliza akimvuta mwanawe nyuma. "Inashika wengine?"

"Haishiki mtu. Ni mwili wake tu. Yeye na Nasima wanakaa mkeka mmoja kila siku, muulize kama ameshikwa."

Kisha Nerima, mama wa Busia aliyekaa nyumba ya nyuma, akashusha mtungi kichwani polepole.

"Wee Mama Kui. Si uliniambia Jumapili nikibaki na yeye nimpe matoke?"

"Ndio. Matoke anakula. Ndizi, viazi, nyanya..."

"Hiyo ni yenu ya Wakikuyu. Mimi yangu naifunga kwa majani, naiponda, halafu juu namwagia mchuzi wa njugu. Kwetu bila njugu hiyo si matoke, hiyo ni ndizi tu ya mgonjwa." Akamtazama Kui. "Mungu wangu. Nilikuwa nimeshanunua njugu."

Nduta aliyahesabu kichwani yale majina yote ya vyakula aliyoyagawa Mbotela tangu wahamie, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba hakujua hata moja limepikwa na nini nyuma ya mlango wa mtu.

Alikwenda akagonga mlango wa Mwanasiti. Kui alikuwa ameshachukua ufagio wa kizingitini, anafagia majivu. Mlango ulichelewa kufunguka, lakini ulifunguka. Jioni hiyo Nduta, Mwanasiti na Nerima walikaa jikoni, Mwanasiti akikaanga viazi vilivyopakwa unga wa ngano kwenye karai dogo alilosema tangu leo ni la Kui, wakapitia jina moja la chakula baada ya jingine. Kisha Nduta akaenda nyumba kwa nyumba. Aliwaambia majirani haya, na mama yeyote anayeachiwa mtoto wa mwenzake, au anayemwacha wake, na ayashike:

Usiulize chakula kinaitwaje. Uliza kimepikwa na nini.

Usiseme "mpe bajia." Ya huku ni viazi, ya Pwani ni kunde. Na hiyo ya viazi wengine huipaka unga wa dengu, uliza pia.

Usiseme "mpe matoke" kabla hujajua mchuzi ulio juu yake.

Usimpe mtoto kashata kwa sababu uliyoijua wewe ni ya nazi. Nyingine ni njugu tupu.

Usimpe uji wa unga wa kuchanganya dukani. Mara nyingi karanga imo, imesagwa, huioni.

Usimfanye mtoto wa mtu muonjaji wa chumvi kabla hujamuuliza mama yake.

Usikaangie mtoto wa aina hii kwenye mafuta yaliyokaangia kunde au karanga.

Usiseme ni pilipili, usiseme ni mafuta, midomo ikianza kuvimba. Usingoje maziwa yafanye kazi. Mbebe, kimbia.

Usifiche dawa yake nyuma ya kopo la majani chai.

Usinyamaze.